Mbuzi Aliyerudishwa Kwamndolwa

Upendo aliingia uani bila kuamkia. Bibi Mwaija, aliyekuwa kwenye mkeka akichambua mboga chungu ya mchunga, akaweka ungo chini akamtazama. Msichana huyu alianza kuja katika nyumba hii ya Kwamndolwa tangu meno ya mbele hayajaota, na hakuna siku aliyopita mbele ya mtu mzima bila shikamoo.

"Haya," Bibi Mwaija akasema, "Wasambaa mmeishiwa salamu? Au mmeziuza gulioni pamoja na iliki?"

Siku nyingine Upendo angemjibu kwamba salamu ziliazimwa na Wazigua na hazikurudi. Leo alikwenda moja kwa moja barazani, kwenye cherehani ya Husna, akaweka simu juu ya sketi ya shule iliyokuwa inashonwa.

"Dada Husna, hiki ni nini?"

Husna alitoa mguu kwenye pedeli. Akaangalia. Yalikuwa maandishi yake mwenyewe.

Husna alikuwa na blogu. Aliiita Kibarazani kwa Husna, na aliiandikia kwenye simu yenye ufa mmoja wa kukatisha kioo, kati ya pindo moja na jingine. Hakuna aliyemlipa na hakutaka kulipwa. Aliandika bei ya maharage, namna ya kupika mchunga kwa karanga, mvua ilivyoikwepa Kwedizinga ikanyeshea barabarani. Waliomsoma walikuwa watu wa Handeni na Korogwe waliotawanyika, mmoja Dodoma, mwingine Mwanza, mwingine Maskati, na mara kwa mara humwandikia kwamba wamesikia harufu ya kwao. Kila Desemba ilipokaribia kuisha alikaa akaukusanya mwaka mzima. Mwaka huu alikuwa ameandika hivi:

"Mwaka ulitunyima vuli na ukatuchukulia Mzee wetu, Muhidini. Ukatupa maembe mengi mpaka nguruwe pori wakachoka. Nimejifunza kuacha uchungu kidogo kwenye mchunga, maana ukiutoa wote unakula majani tu. Mwakani, Mungu akipenda, nataka kuandika hadithi za Bibi Mwaija kabla hajazisahau (anasema atakayesahau ni mimi). Nataka kujifunza kupiga picha zisizokata watu vichwa. Na nataka Faraji amalize kile choo."

Chini yake aliweka picha aliyoipenda kuliko zote za mwaka. Mzee mmoja amevaa koti jeusi linalombana kwapani, fimbo mkono mmoja, kamba ya mbuzi mkono wa pili, anatoka katika ua uliojaa watu wa msiba, na mdomo wake uko wazi. Husna aliandika: "Na huyu ndiye Mwizi Wetu wa Mwaka, Mzee Hiza wa Mashewa. Koti la marehemu, fimbo ya marehemu, na mbuzi wa mjane."

"Si ni baba yako?" Husna akasema, bado anatabasamu. "Watu wameipenda hiyo, Upendo. Sijawahi kupata wasomaji wengi hivi."

"Shuka chini. Soma ulivyojibu watu."

Husna akashuka. Mtu mmoja aliyejiita Shangazi R alikuwa ameuliza, "Mzee anavaa nguo za marehemu na kumwibia mjane mbuzi, halafu mnacheka?" Husna alikuwa amemjibu, "Huyu hujamwona bado! Harusini huondoka na sufuria." Shangazi R akauliza, "Ana watoto?" Na Husna, kwa furaha ya kupata mtu wa kuchekeshana naye, akaandika, "Ana binti mmoja, mzuri sana. Atakayemwoa anunue kufuli la zizi." Akaongeza vile vikaragosi vya kucheka mpaka machozi.

"Huyo Shangazi R anaitwa Rosina," Upendo akasema. "Ni shangazi yake Frank. Ndiye aliyemlea."

Husna alishika ukingo wa cherehani.

Frank alikuwa fundi wa maji, mtu wa Bukoba, amehamia Korogwe kikazi akamkuta Upendo. Watu wake walikuwa wanasafiri kutoka mbali kuja kujitambulisha Mashewa Jumamosi baada ya Krismasi. Mchele ulikuwa umeshanunuliwa.

"Jana wamepiga simu," Upendo akasema. "Wanasema watakuja, lakini si kujitambulisha tena. Wanakuja kuuliza." Hapo ndipo alipolia. "Shangazi kawaonyesha ukoo mzima, Dada. Frank anasema kila akieleza wanamwambia amelishwa kitu."

"Na Baba? Baba kasemaje?"

"Kasoma, akavua miwani. Akaniambia nisije kukugombeza."

*

Huko Kwedizinga, kijijini kwao Muhidini, siku ya msiba hakuna aliyehitaji kuelezwa lolote. Muhidini alikuwa Mzigua na Hiza ni Msambaa aliyeshuka kutoka milimani, wakakutana wangali vijana wakikata mkonge, na tangu siku ile wakawa watani, kila mmoja akimwita mwenzake mtumwa wangu. Muhidini alipofariki mwezi wa saba, Hiza alifanya kazi ya mtani. Alivaa koti la rafiki yake. Alichechemea kama yeye, akakohoa kile kikohozi chake cha ugoro, akasimama mbele ya jeneza akisema mtu huyu haendi popote mpaka alipe mbuzi aliyemwahidi miaka yote. Bibi Mwaija, mjane wake, ambaye tangu alfajiri alikuwa amekaa kama gogo, alicheka. Baada ya kucheka ndipo akaweza kulia. Hiza akaondoka na mbuzi, na koti, na fimbo, kama inavyotakiwa.

Husna aliandika yote hayo. Neno moja tu hakuliandika, kwamba ni mtani. Halikumjia. Anayeandika habari ya chai haelezi kwamba inanyweka.

*

Mchana wa siku ile aliyokuja Upendo, Husna alimpigia Mzee Hiza simu, ikaita mpaka ikakata. Baadaye ukaja ujumbe. "Habari za hapo, Bi Husna. Sisi hatujambo. Nawatakieni heri ya mwaka mpya wewe na familia."

Husna alimsomea Faraji, mumewe, aliyekuwa amerudi kutoka gereji ya pikipiki na mikono myeusi ya oili.

"Kasemaje? Rudia," Faraji akasema.

"Habari za hapo, Bi Husna."

"Bi Husna?" Faraji akakaa kwenye ngazi. Mzee Hiza hakuwahi kumwita Husna kwa jina. Alimwita mtumwa wangu mdogo, au yule wa Kizigua anayeshona nguo za vilema. "Basi kakasirika kweli."

"Mtani hakasiriki," Bibi Mwaija akasema kutoka jikoni. "Hana ruhusa."

"Ndiyo maana anaandika kwa adabu, Mama. Angekuwa na ruhusa angetukana, tukalala kwa amani."

Husna alikuwa ameshaifuta ile picha na majibu yake yote. Haikusaidia, ilikuwa imekwisha kuingia kwenye simu za Bukoba. "Naifunga blogu yenyewe," akasema. "Mpango wangu wa mwakani ni huo mmoja. Nikae nishone."

Kesho yake, jua likiwa limekaza, bodaboda ikasimama mbele ya nyumba. Nyuma yake palikuwa na tenga, na ndani ya tenga kichwa cha mbuzi kikiangalia Kwamndolwa kwa mshangao. Dereva akafungua kamba, akamshusha, akatoa na mfuko wa rambo.

"Mzigo wenu kutoka Mashewa. Mzee kasema vyote vimo, hakubakisha kitu."

Ndani ya mfuko mlikuwa na koti, limepigwa pasi. Fimbo ilikuwa imefungwa pembeni ya tenga kwa mpira.

Majirani wawili waliokuwa wakipita walisimama kuangalia. Mmoja akauliza kama ni mbuzi wa mwaka mpya, na Faraji akasema ndiyo, maana afanyeje. Kitu kilichochukuliwa na mtani hakirudi. Kikirudi, maana yake aliyekichukua hataki kuitwa mtani tena, na hilo katika nyumba ile halikuwahi kutokea, wala hawakujua linapotokea watu husemaje.

Bibi Mwaija alilichukua koti akaingiza mkono mfuko wa ndani. Kikopo cha ugoro kilikuwa bado kimo. Akalileta koti usoni. Lilikuwa na harufu ya marehemu na harufu ya moshi wa jikoni kwa Hiza, zimechanganyika hata usijue ya nani ni ipi.

"Si angezitenga," akasema, sauti ikiwa ndogo. "Kama alitaka kurudisha, angeitoa kwanza harufu yake."

Alikuwa ametoka eda mwezi uliopita tu, na watoto wake walidhani kulia kumekwisha. Husna alikaa kando yake kwenye mkeka, asiweze kumgusa.

Yule mbuzi alikuwa analia. Alilia mchana wote, akizunguka kamba yake, akielekea upande wa barabara. Alasiri Bibi Mwaija alijifuta uso, akamwinamia, akamshika kiwele. Kilikuwa kimejaa, kigumu kama ubuyu.

"Ana mtoto huyu," akasema. "Alichukuliwa na mimba changa, kazaa kulekule. Mzee mzima, kwa hasira, kamrudisha mama kamwacha mtoto!"

Akaita bakuli liletwe, akamkamua kumpunguzia maumivu. Husna alisimama akiangalia yale maziwa.

"Jumamosi naenda Mashewa," akasema.

"Kufanya nini?" Faraji akauliza. "Kuomba radhi? Ukimwomba mtani radhi mbele ya watu ndiyo umemmaliza. Utakuwa umekubali kwamba aliiba kweli."

"Sasa nifanye nini?"

"Sijui, mama Munira. Ningejua ningekuambia."

"Basi twende wote tusiojua."

*

Jumamosi Faraji aliazima guta la magurudumu matatu la kubebea matofali. Bibi Mwaija aliketi nyuma kwenye godoro, na mwavuli, na mbuzi. Husna alikuwa ameandika maneno yake ya kuomba radhi kwenye simu, akayasoma njia nzima mpaka yakaacha kuwa na maana.

Kwa Mzee Hiza viti vya plastiki vilikuwa vimepangwa uani safu mbili zinazotazamana. Safu ya wageni ilikaa wima kama wanasubiri daktari. Mbele alikuwa Mzee Bonaventura, baba mkubwa wa Frank, mtu mrefu mwenye kofia mapajani. Kando yake mwanamke mnene wa gauni la zambarau, mkoba ameukumbatia kwa mikono miwili, soda mbele yake haijafunguliwa. Frank alikuwa mwisho wa safu, anaangalia viatu. Mzee Hiza alivaa suti yake ya kanisani. Alipowaona akina Husna wanaingia na mbuzi, alisimama.

"Karibuni, wageni," akasema.

Wageni! Bibi Mwaija alisimama hapohapo alipolisikia neno lile, kama mtu aliyekanyaga mwiba. Walipewa viti pembeni, karibu na jiko, Bibi Mwaija akakaa na fimbo ya mumewe magotini.

"Tuendelee," Mzee Bonaventura akasema taratibu. "Mzee Hiza, sisi hatukuja kwa ubaya. Kijana wetu anampenda binti yako. Lakini tumesoma jambo, na kunyamaza nalo hatuwezi."

"Aliyeandika ni mimi," Husna akasema.

Mwanamke wa gauni la zambarau akageuka. "Wewe ndiye Husna? Wewe ndiye uliyenijibu tununue kufuli?"

"Ndiyo, shangazi. Shikamoo."

"Marahaba. Haya, tueleze."

Husna alisimama. Alikuwa mtu wa kuandika; mbele za watu ulimi wake ulikuwa mzito tangu shuleni. Akafungua simu. "Mimi kwa heshima kubwa napenda kuchukua nafasi hii..." Mzee Hiza aliinamisha kichwa. Husna aliona shingo yake, ilivyojikunja ndani ya kola, na akajua kwamba akiendelea kusoma ataumaliza urafiki wa nyumba mbili kwa adabu.

Nyuma ya nyumba kitu kidogo kikalia. Mbuzi wao aliitika kwa sauti ya kupasua masikio, akaivuta kamba mpaka Faraji akayumba.

Husna aliweka simu kitini. Akatoa koti kwenye mfuko, akalivaa, likamfika magotini. Akaichukua fimbo kwa Bibi Mwaija. Alichechemea mpaka katikati ya zile safu mbili, akakohoa kile kikohozi.

"Mtumwa wangu!" akamwambia Mzee Hiza. "Umenirudishia mbuzi nusu. Nusu nyingine iko wapi?"

Mkoba wa Rosina ulikumbatiwa zaidi.

"Nakuuliza wewe! Umekuja kwetu na njaa zako, umechukua mbuzi mwenye mimba, sasa unaleta mama peke yake na unapiga pasi koti ili tusihesabu. Hapa hakuna binti anayeposwa mpaka mtoto wangu atoke huko nyuma!"

Mzee Hiza hakuinua kichwa. Mashavu yake yalifanya kitu, yakaacha, yakafanya tena. Upendo alikuwa mlangoni, amekumbatia sinia la glasi.

"Mtoto yule," Mzee Hiza akasema hatimaye, akiiambia ardhi, "ni Msambaa."

"Nani kasema?"

"Kazaliwa hapa." Akainua uso. "Mbuzi wenu alifika akaona majani. Hakuwahi kuyaona. Alisimama akishangaa wiki nzima, nikadhani kafa amesimama. Angebaki Kwedizinga angezaa kuni!"

"Afadhali kuni zetu zinakaa zinapowekwa!" Bibi Mwaija alikuwa amesimama. "Kwenu kule milimani mtu akidondosha ndizi huifuata wilaya nyingine!"

"Na kwenu ndoo ya maji hurithiwa, mama, watoto wakaigombania!"

"Toa mbuzi!"

"Sitoi! Na hilo koti vua, linakaa kama hema!"

Faraji alikuwa wa kwanza kucheka, kisha Upendo, glasi zikigongana kwenye sinia. Majirani waliokuwa wakichungulia ukutani wakapiga vigelegele. Mzee Bonaventura alitazama huku na huku, kofia ikamdondoka.

"Kumbe ni watani!" akasema. "Ngojeni kwanza. Hawa ni watani?"

"Tangu wakati wa mkonge, baba," Faraji akasema. "Yeye na marehemu mzee wangu."

"Lakini hata sisi tuna watani! Hufanya makubwa kuliko haya!" Akamgeukia Husna. "Sasa mama, neno moja tu hilo. Mbona hukuliandika?"

Husna alisimama ndani ya lile koti, mikono imemezwa na mikono ya koti. "Nilidhani linaonekana," akasema.

Wakacheka tena, isipokuwa Rosina. Yeye alikuwa anamwangalia Mzee Hiza.

"Mzee, mimi nimemlea huyu kijana tangu mama yake alipofariki," akasema. "Utanielewa. Nguo za rafiki yako, siku ya kumzika, ulizivaa kweli?"

Mzee Hiza alivua miwani. "Nilizivaa, mama. Pale uani niliwachekesha, ndiyo kazi yangu. Halafu nikapanda gari nikalia ndani ya koti hilo kutoka Kwedizinga mpaka hapa. Ila huko kamera haikufika."

Rosina akaweka mkoba chini, kando ya mguu, akaichukua ile soda.

"Hiki kizibo kinafunguliwa na nani?" akauliza. Frank aliruka kutoka kitini.

*

Walipokuwa wanaondoka jua limeanza kulainika. Mazungumzo ya posa yalikuwa yameanza upya, kwa shikamoo na marahaba zake zote, na Rosina alikuwa ameomba kuonyeshwa yule mtoto wa mbuzi, akasema kama watakuwa ndugu basi na wao watataka chao. Husna alikuwa anapanda guta Mzee Hiza alipomshika kola kwa nyuma na kulivuta koti likamtoka mwilini. Fimbo aliichukua kwa Bibi Mwaija bila kumwangalia. Kamba ya mbuzi alikwisha kuifunga zamani kwenye nguzo ya jiko, na mtoto alikuwa chini ya tumbo la mama yake, mkia unacheza.

"Mwizi!" Bibi Mwaija alipiga kelele guta lilipokata kona, amesimama nyuma ameshikilia chuma. "Jamani, mwizi huyo! Katuibia tena!" Watu wa njiani waligeuka wakaona bibi kizee anayelalamika kuibiwa huku anameremeta uso mzima.

Siku ya mwisho ya mwaka Husna alimaliza sketi za shule asubuhi. Kisha akafungua blogu aliyoapa kuifunga, akauandika mwaka wake upya. Alianza hivi: "Mzee Hiza wa Mashewa ni mtani wetu. Ambaye hajui mtani ni nani, aulize kwanza hapa chini, ndipo asome." Mipango ya mwakani aliiacha kama ilivyokuwa: hadithi za Bibi, picha, choo cha Faraji. Akaongeza mmoja, kwamba kabla ya kuweka jambo kwenye blogu atamsomea mtu ambaye hakuwepo lilipotokea.

Jibu la kwanza lilitoka kwa Upendo. "Baba anasema amesoma. Anasema wewe mtumwa wake uliandika vibaya tangu mwanzo, hukusema kwamba koti linambana kwapani. Anataka fundi aje alipanue, bure, na aje na uzi wake."

Husna alimsomea Bibi Mwaija, kisha akavuta droo ya cherehani kutafuta uzi mweusi.